Mhariri, skrini ikiwa nyeusi msiwatume watu kununua kebo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kitu ambacho kurasa zenu za teknolojia hazikigusi kabisa. Kila mkiandika kuhusu tivii mpya mnatutajia inchi, 4K, rangi, spika na idadi ya matundu ya HDMI, alafu mnaishia hapo. Hamsemi kwamba ndani ya hayo matundu kuna kufuli, na kufuli hiyo ndo inaamua kama filamu uliyoilipia utaiona au utakaa unaangalia giza, hata kama kila ulichochomeka ni kipya na kizima.

Jina lake ni HDCP, kifupi cha High-bandwidth Digital Content Protection. Intel ndo waliitengeneza, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, na leseni zake zinatolewa na kampuni tanzu ya Intel inayoitwa Digital Content Protection. Kazi yake ni kuhakikisha filamu ikitoka kwenye kifaa kinachocheza, iwe dekoda, laptopu, deki ya Blu-ray au kiboksi cha kustrimu, haidakwi na mtu njiani kabla haijafika kwenye skrini. Kwa hiyo picha inasimbwa, yaani inafichwa kwa namba za siri, kabla ya kuingia kwenye waya, na inasimbuliwa ikishafika upande wa pili. Nia yenyewe mi sina ugomvi nayo, aliyetengeneza filamu ana haki ya kula jasho lake na wizi wa kazi za watu ni wizi tu, hauna jina lingine. Shida yangu ni jinsi hii kitu inavyomgeukia mtu aliyelipa, na jinsi kila mtu kuanzia kiwandani mpaka dukani mpaka kwenye magazeti anavyonyamaza kana kwamba haipo.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi maana bila kuelewa hapa mengine yote yanakuwa lawama tu. Ukichomeka kebo ya HDMI, kabla filamu haijatoka vile vifaa viwili vinatambuana kwanza. Kila kifaa chenye leseni kimewekewa kiwandani funguo zake za siri, kwenye matoleo ya kwanza ni funguo 40 zenye biti 56 kila moja, pamoja na namba ya utambulisho ya biti 40 ambayo lazima iwe na moja 20 na sifuri 20. Kinachotuma kinampa mwenzake namba yake, mwenzake anarudisha ya kwake, kila mmoja anachagua baadhi ya funguo zake kwa kufuata namba ya mwingine na kuzijumlisha, na wakipata jibu linalofanana ndo picha inaruhusiwa kupita. Na hapo hawajamalizana, kwa sababu filamu ikiwa inaendelea wanahakikiana tena kila baada ya fremu 128, yaani kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde ni kama kila sekunde mbili hivi, na majibu yakipishana picha inakatwa na kazi inaanza upya. Fikiria filamu ya masaa mawili inakaguliwa mara ngapi. Kifaa kikichelewa kuamka, tundu likilegea, softiwea ya tivii ikiwa na kasoro ndogo tu, basi mtazamaji ndo anaumia, wakati hajafanya kosa lolote.

Dalili zake watu wengi wanazijua ila hawajui zinatoka wapi. Sauti inasikika picha hakuna. Picha inawaka sekunde chache inazima inawaka tena. Skrini inajaa punjepunje kama theluji, kwa sababu picha imefika ikiwa bado imesimbwa na hakuna aliyeisimbua. Au ile ambayo ni ishara nzuri kuliko zote, menyu inaonekana safi kabisa, picha zako za simu zinaonekana, ila ukibonyeza filamu tu panakuwa peusi. Ukiona hivyo jua waya unapitisha picha vizuri, kilichokataa ni kufuli, maana vifaa vingi vinafunga pale tu kitu chenye ulinzi kinapoanza kucheza.

Sasa mtu wa namna hii akienda kuuliza anaambiwa nini? Kanunue kebo nzuri. Anauziwa kebo nene, imefumwa, ina ncha za rangi ya dhahabu, anarudi nayo na giza liko palepale. Mhariri, kebo ya kawaida ya HDMI haina funguo za HDCP, haina toleo la HDCP, funguo ziko kwenye chipu ndani ya vifaa. Ni kweli kebo iliyochoka au ndefu kupita kiasi inaweza kuvuruga yale mazungumzo kwa sababu yanapita kwenye nyaya nyembamba ndani ya kebo hiyohiyo, kwa hiyo kujaribu kebo nyingine mara moja sio vibaya, ila kama kebo inapitisha menyu na picha zako bila tatizo na filamu moja ndo haitaki, kumuuzia mtu kebo ya bei ya juu ni kumchukulia hela yake bure. Na makala za ushauri kwenye magazeti, yenu yakiwemo, zinarudia ushauri huohuo wa kebo kila mwaka.

Kuna watu wanachanganya pia hii na EDID. Ile ni taarifa tu ambayo skrini inatoa kusema mimi naweza rezolusheni hii na hii, na ikikosewa utapata picha mbaya au saizi ambayo siyo. Haihusiani na ruhusa. Fundi akibadilisha rezolusheni na giza likabaki kwenye filamu peke yake, ahamie kwenye HDCP asiendelee kuzunguka hapo.

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale kati ya deki na tivii kunapokuwa na kitu kingine, na siku hizi karibu kila mtu ana kitu katikati. Risiva ya sauti, saundiba, splita ya kugawa picha kwenye skrini mbili, swichi ya kuchagua kati ya dekoda na gemu. Kifaa cha aina hiyo lazima chenyewe kiwe na leseni, kipate ruhusa kwa kinachotuma, kikusanye namba za vyote vilivyochomekwa baada yake na kuzirudisha kwa kinachotuma ili navyo vikaguliwe. Kuna hadi ukomo wa idadi, kwenye matoleo ya zamani mnyororo unaruhusiwa vifaa 127 na ngazi 7, kwenye matoleo ya 2 ni vifaa 32 na ngazi 4. Nyumbani hakuna anayefika huko, lakini inaonyesha hawa watu walivyofikiria kila kitu isipokuwa yule aliyekaa kwenye kochi. Kwa sababu kanuni ni kwamba kifaa kimoja dhaifu kwenye mnyororo kinatosha kuwashusha wote, una deki ya kisasa, una tivii ya kisasa, ila risiva yako nzuri ya sauti uliyoitunza miaka yote ina toleo la zamani, basi 4K imekufa hapo, risiva ambayo kwa picha haifanyi chochote zaidi ya kuipitisha. Risiva nzima, inapiga vizuri, inakuwa takataka kwa upande wa picha kwa ajili ya chipu moja.

Na hii sio mara ya kwanza wanunuzi kuachwa njiani. Wale walionunua tivii za HD mwanzoni kabisa, kule Marekani hasa, tivii zao nyingi zilikuwa na matundu ya analogi tu, yale ya nyaya tatu za rangi, zingine zikawa na DVI, tundu la dijitali lililotangulia HDMI, isiyo na HDCP. HDMI yenyewe imetoka mwishoni mwa 2002, kwa hiyo hao watu walinunua kabla haijakuwepo, na walilipa hela ndefu. Kisha Ulaya mwaka 2005 ikaja stika ya HD ready, na moja ya masharti ya kuipata ilikuwa tivii iwe na HDMI au DVI yenye HDCP, hapo angalau kuna mtu alifikiria kumwambia mnunuzi. Kwenye Blu-ray wakaweka uwezo wa diski kuamuru picha ya analogi ishushwe mpaka 960 kwa 540, yaani robo ya pikseli za HD kamili, na masharti ya leseni yakasema deki zinazotengenezwa baada ya 2010 zisitoe HD kwa njia ya analogi, na baada ya 2013 zisitoe picha ya filamu hizo kwa analogi kabisa. Tivii haikuharibika. Macho ya mtu hayakubadilika. Kilichobadilika ni karatasi ya leseni iliyoandikwa mbali sana na sebule ya mtu.

Alafu ikaja 4K na tukarudia yaleyale. Toleo la HDCP 2.2 limo kwenye matoleo ya 2 yaliyojengwa upya, yakaachana na zile hesabu za kujumlisha funguo yakachukua RSA na AES ya biti 128, njia za usimbaji zilizo ngumu zaidi kuvunja, na yakaongeza kipimo cha umbali, kwamba kifaa cha upande wa pili lazima kijibu ndani ya milisekunde 20 ili ijulikane kipo karibu na hakijawekwa nchi nyingine kupitia mtandao. Kitaalamu ni kazi nzuri, nakubali. Shida ni kwamba chipu nyingi za zamani haziwezi kupandishwa kwa kusasisha softiwea, na tivii za kwanza za 4K zilizouzwa mwaka 2012 na 2013 nyingi hazikuwa nayo. Zinaonyesha 4K, zimeandikwa 4K, ila filamu ya 4K yenye ulinzi ikifika mlangoni haiingii. Ukiwa na bahati inashushwa kuwa 1080, ukikosa bahati unapata ujumbe wa kosa wenye namba ambazo hazimwambii mtu chochote. Na zingine zikaja na porti tatu au nne za HDMI na moja peke yake ndo yenye 2.2, zingine hazina. Kwa hiyo kuna mtu sasa hivi anaangalia picha ya chini kwenye tivii yake kwa sababu tu kachomeka tundu namba mbili badala ya namba tatu, na hakuna aliyemwambia. Mhariri hebu fikiria ni wasomaji wangapi mngewasaidia kwa sentensi hiyo moja tu.

Unaweza kusema sawa, ni usumbufu lakini unazuia wizi. Hapa ndo roho inaniuma zaidi. Mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya toleo la kwanza, watafiti Crosby, Goldberg, Johnson, Song na Wagner walichapisha uchambuzi kuonyesha kwamba zile hesabu ni za kujumlisha tu, ukipata funguo za vifaa kama 40 unaweza kukokotoa siri kuu ya mfumo mzima, ile inayozaa funguo za vifaa vyote. Mwaka huohuo mtaalamu wa Uholanzi Niels Ferguson alisema naye ameivunja ila hatachapisha kwa sababu anaogopa sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inayokataza kuvunja kufuli za aina hii. Septemba 2010 ile siri kuu ikawekwa hadharani kwenye intaneti na Intel wenyewe wakakubali kwamba ni ya kweli. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, wakatengeneza kifaa cha kukaa katikati ya waya kwa kutumia bodi ya elektroniki ya bei rahisi. Mfumo ulikuwa na orodha ya kufungia vifaa ambavyo funguo zake zimevuja, orodha zenyewe zinasafiri hata ndani ya diski, lakini mwenye siri kuu anajitengenezea funguo mpya kila siku, unamfungia nani?

Kwa hiyo kwa matoleo ya kwanza kufuli ilishafunguka zaidi ya muongo mmoja uliopita, na bado imo kwenye mamilioni ya vifaa ikiendelea kukagua watu kila sekunde mbili. Na hata kwa matoleo mapya, angalia nani anakaguliwa. Faili lililoibwa likishatolewa ulinzi halina HDCP ndani yake, linacheza kwenye tivii ya zamani, kwenye projekta ya zamani, kupitia splita, kupitia waya wa VGA, ule wa zamani wa analogi, halimuulizi mtu chochote. Anayesimamishwa mlangoni ni yule aliyenunua diski au aliyelipia mwezi. Hilo mi naliona ni dhuluma na nalisema waziwazi.

Mifano ipo. Mwishoni mwa 2008 MacBook mpya, laptopu za Apple, zilitoka na tundu la skrini la Mini DisplayPort lenye HDCP, watu wakanunua filamu kihalali iTunes, duka la Apple la mtandaoni, wakaunganisha skrini ya nje au projekta isiyo na HDCP wakaambiwa filamu haiwezi kuonyeshwa hapo, wakati laptopu zao za zamani zilikuwa zinaonyesha vizuri tu. Kelele zikapigwa, Apple wakatoa sasisho la QuickTime, programu yao ya kuchezea video, kulegeza kwa filamu za kiwango cha kawaida. PlayStation 4 ilipotoka 2013 ilifunga hata gemu, mtu hawezi kurekodi mchezo wake mwenyewe kupitia HDMI, baadaye Sony wakaweka sehemu ya kuzima HDCP wakati wa gemu na ikabaki kwenye filamu tu. Nataja hii miwili kwa sababu inaonyesha wakitaka wanaweza kulegeza, na walipolegeza biashara ya filamu haikufa.

Wanaoumia sana ambao hawasemwi ni walimu na watu wa semina. Darasani projekta inakaa miaka mingi, nyingi zina VGA, na VGA haina HDCP kabisa. Mwalimu ana video ya kufundishia aliyoilipia, ana laptopu yenye HDMI au USB-C tu, anaweka adapta, slaidi zinaonekana, video inagoma, wanafunzi wamekaa wanasubiri. Adapta ya bei rahisi haina leseni ya kufungua kufuli, na hata yenye leseni haitakiwi kuitoa ile picha ikiwa wazi kwenda VGA. Kosa sio la mwalimu na mara nyingi sio la adapta wala laptopu, ila yeye ndo anaonekana hajui kutumia mashine mbele ya darasa. Hili linaniuma kuliko la kochi na risiva, maana huku kuna watoto wanakosa somo.

Sijaandika barua hii ili mfundishe watu kuvunja kufuli. Mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la dunia la haki za ubunifu, unazitaka nchi wanachama wake kulinda kufuli za aina hii kisheria, Marekani wana hiyo DMCA, Umoja wa Ulaya wana maelekezo yao ya 2001, na sehemu nyingi ni kosa hata kama diski ni yako. Ninachoomba ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wenu.

Mkiandika kuhusu tivii, projekta, risiva au kiboksi cha kustrimu, ulizeni toleo la HDCP na mliandike, na mwandike porti ipi inayo na ipi haina. Msikubali jibu la ina HDMI 2.0 maana toleo la HDMI na toleo la HDCP ni vitu viwili tofauti, kifaa kinaweza kuwa na kimoja bila kingine. Muuzaji akisema hajui, andikeni kwamba hajui, wenye kampuni watasoma. Wenye huduma za filamu nao waulizeni kwa nini programu zao zinaonyesha skrini nyeusi au namba ya kosa badala ya kusema kwa lugha ya watu kwamba skrini hii haina ruhusa, jaribu tundu lingine au toa kifaa kilichoko katikati. Programu inajua sababu muda huohuo, ndo yenyewe iliyokataa. Na kwa nini isishushe ubora ikamwacha mtu aangalie, wengine mbona wanafanya hivyo?

Kwa wasomaji wenzangu ambao wako kwenye giza sasa hivi, kabla hamjatoa hela jaribuni haya. Zimeni vyote, chomoeni kwenye umeme kabisa sio kwa rimoti, kisha washeni tivii kwanza, alafu kilicho katikati, alafu deki au dekoda mwisho, maana mara nyingi walikosana tu kwenye kuamka. Bado giza, toeni splita au risiva muunganishe moja kwa moja, picha ikija mmeshampata mkosaji. Risiva ikiwa ndo yenyewe na ni ya zamani, picha ipelekeni tivii moja kwa moja na sauti irudi kwenye risiva kwa waya wa optiki au ARC, njia ya kurudisha sauti kupitia HDMI, kama inayo, mtaendelea kuitumia bila kuitupa. Badilisheni porti ya tivii, na kwenye menyu za baadhi ya tivii kuna sehemu ya kuipa porti uwezo kamili ambayo kiwandani huwa imezimwa. Laptopu ikigoma, angalieni kama kuna skrini ya pili isiyo na HDCP imeunganishwa, ikiwepo hata programu ya kwenye skrini nzuri inaweza kukataa.

Na mhariri, lile jedwali lenu la kulinganisha tivii lina mstari wa unene kwa milimita na mstari mwingine wa uzito pamoja na stendi. Toeni mmoja wapo hapo muweke HDCP.

Msomaji wenu